DNA haisomi kabila, na "mmoja kati ya milioni" si hukumu

Kesi ya DNA ikitajwa kwenye habari, wengi huamini kwamba maabara ikishapata tone la damu itajua mhusika ni kabila gani. Si kweli. Kipimo cha kawaida cha polisi hakisomi vinasaba vyote. Kinahesabu marudio ya vipande vifupi katika maeneo machache ya DNA: Marekani ilianza na maeneo 13, na tangu 2017 ni 20.

Chukua eneo liitwalo TH01, ambako herufi AATG zinajirudia. Kila mtu ana namba mbili hapo, moja ya mama na moja ya baba. Namba 9.3, yaani marudio tisa na herufi tatu, ni ya kawaida sana kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika ni chache zaidi, ila namba 7 ndiyo imejaa. Hakuna namba ya Wachaga wala ya Waluo. Wote wana namba zilezile, kinachotofautiana ni wingi wake.

Basi wengine hudhani asili ya mtu haina maana yoyote kwenye hesabu. Ina maana, na wakati mwingine kubwa. Uwezekano unaosomwa mahakamani, yaani nafasi ya mtu yeyote asiyehusika kulingana na sampuli, hupatikana kwa kuzidisha wingi wa kila namba kutoka kwenye jedwali la jamii fulani. Jedwali la Wazungu likitumika kwa Mtanzania, jibu linapotoka. Wanajenetiki Lewontin na Hartl walilipigia kelele jambo hili mwaka 1991, na mwaka 1996 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likapendekeza marekebisho ya hesabu hiyo kwa sababu watu wa jamii moja wana mababu wa pamoja, hivyo hulingana mara nyingi zaidi. Sampuli ikiwa kamili, kosa la jedwali halibadilishi mengi. Ikiwa imeharibika au ina DNA ya watu kadhaa, linaweza kumwumiza mtu.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba "mmoja kati ya milioni" maana yake mshtakiwa ana nafasi moja tu kwa milioni ya kuwa hana hatia. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5. Kwa uwezekano huo, takribani watano jijini wangelingana na sampuli ileile. Ushahidi mwingine ndio utakaowatenganisha. Na mshtakiwa akiwa na ndugu wa baba na mama mmoja, hesabu hiyo haimhusu ndugu huyo kabisa: katika kila eneo ana angalau nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye.