Mchezaji wa Wastani Si Huyo Mnayemdhania

Nimeandikiwa tena, safari hii na msomaji ambaye kwa mambo mengine ni makini sana, kwamba ukuu katika besiboli ni hadithi ya magazeti tu, kwa kuwa mpigaji anayesifiwa humaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na wastani wa kupiga (mipigo iliyofanikiwa kugawanywa kwa zamu rasmi za kupiga) wa .300, na yule wa kawaida humaliza na .250, na tofauti hiyo ni mpigo mmoja katika kila zamu ishirini. Hesabu yake ni sahihi. Yote aliyoyajenga juu ya hesabu hiyo yameenda upogo, na kwa kuwa hoja hii hunifikia kila msimu unapoanza, nitaijibu kwa urefu mara hii ili siku nyingine niwe ninatuma kiungo cha ukurasa huu na kuendelea na kazi zangu.

Tumalize kwanza yaliyo mepesi. Mpigaji mwenye uwezo halisi wa .275, akipewa zamu rasmi 500 katika msimu mmoja, ana mkengeuko sanifu, yaani kiasi cha kawaida cha wastani wake kupanda au kushuka, wa pointi 20 hivi (pointi moja ni .001) kwa sababu ya bahati peke yake, na ndiyo maana hakuna mchambuzi anayejiheshimu atakayekuapia kwa msimu mmoja kwamba mwenye .290 amemzidi mwenye .265. Zamu zikifika 8,000, mkengeuko huo hushuka hadi pointi 5. Pointi 50 katika zamu 8,000 ni mipigo 400, wala hakuna bahati inayodumu kiasi hicho. Kwa hiyo hata tukikubali kipimo cha msomaji wangu kama kilivyo, tofauti anayoiita ndogo ni kubwa kupindukia.

Lakini kwa nini tukikubali kipimo hicho? Wastani wa kupiga huihesabu homurani, mpigo unaomzungusha mpigaji besi zote, sawa na mpigo wa besi moja, na humhesabu mpigaji aliyetembezwa, yaani aliyepewa besi ya kwanza kwa sababu mrushaji alikosea mara nne, kana kwamba hakuwapo uwanjani. Pete Rose ndiye mwenye mipigo mingi kuliko wote, 4,256, na aliipata katika zamu rasmi 14,053, maana yake zamu 9,797 zilipita bila mpigo. Ted Williams ana mipigo 2,654 tu, jambo linalowafanya wapenda jumla wamweke mbali chini ya Rose, ilhali aliikosa misimu mitatu mizima, 1943 hadi 1945, na sehemu kubwa ya 1952 na 1953, kwa sababu ya vita. Zaidi ya hayo alitembezwa mara 2,021 na alifika besi katika asilimia 48 ya zamu zake zote. Rose alifika katika asilimia 37 na nusu. Sioni haja ya kulijadili hilo zaidi.

Jepesi la mwisho ni zama. Mwaka 1930 Ligi ya National nzima, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, wakiwamo warushaji wanaoshika gongo kwa kulazimika, ilipiga .303. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski alitwaa ubingwa wa kupiga wa Ligi ya American kwa .301, katika mwaka ambao ligi yake kwa jumla ilipiga .230, na msimu uliofuata wakubwa wa mchezo wakashusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 kwa kuona kwamba wapigaji wamezidiwa. Mtu anayelinganisha .301 hiyo na .303 ile bila kutaja miaka hajalinganisha kitu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli, nalo ni huyu "mchezaji wa wastani" anayetajwa kirahisi hivyo. Ni nani? Msomaji wangu anamwona kama mtu wa kawaida, aliyejaa kila timu, aliyecheza miaka kumi au kumi na miwili akapiga .250 na kustaafu bila kelele. Mtu wa namna hiyo hayuko katikati ya orodha ya wachezaji wote waliowahi kuvaa jezi ya ligi kuu. Yuko karibu na kilele chake. Walio wengi hupita tu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza kutoka bara letu kufika ligi kuu, alipata mpigo katika zamu yake ya kwanza mwaka 2017, tena dhidi ya mrushaji mzoefu Jon Lester, na hadi 2018 alikuwa amemaliza akiwa na mechi 41 na wastani wa .181. Bara zima lilishangilia, na lilikuwa na haki. Ukitaka kujua maisha ya uchezaji ya watu wengi ligini yanafanana na nini, yanafanana zaidi na ya Ngoepe kuliko na ya huyo mwenye miaka kumi ya .250.

Mkanganyiko unatokana na ukweli kwamba wastani wa ligi na mchezaji wa kawaida ni vitu viwili tofauti. Wastani wa ligi hupatikana kwa kujumlisha zamu, na zamu hawagawiwi wachezaji kwa usawa: makocha huwapa wanaozistahili, na wasiozistahili hurudishwa ligi ndogo kabla hawajaharibu mengi. Wastani unaouona gazetini tayari umechujwa, kama vile mwanafunzi wa wastani wa Kidato cha Sita asivyokuwa kijana wa wastani wa nchi. Anayeufikia wastani huo mwaka baada ya mwaka amewashinda mamia waliofika mlangoni na kurudishwa.

Hii ndiyo sababu wachambuzi tuliacha kupima kutoka kwenye wastani tukaanza kupima kutoka kwa mchezaji mbadala, yule anayepatikana ligi ndogo wakati wowote kwa gharama ndogo. Baseball-Reference na FanGraphs, tovuti za takwimu za besiboli, walikubaliana mwaka 2013 kwamba timu iliyojaa wachezaji mbadala watupu ingeshinda asilimia 29.4 ya mechi zake, yaani takribani 48 kati ya 162. Timu ya wastani hushinda 81. Hizo mechi 33 katikati ni thamani ya kuwa wa wastani, na msomaji wangu kaziandika sifuri.

Mfano ninaoupenda ni Harold Baines, kwa kuwa watu huutumia kinyume. Baines alicheza misimu 22, kuanzia 1980 hadi 2001, akapata mipigo 2,866, homurani 384 na wastani wa .289. Waandishi waliopiga kura hawakuwahi kumpa hata asilimia 10, kisha kamati ndogo ikampitisha, akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa Cooperstown mwaka 2019, na kelele zilizofuata hazijanyamaza hadi leo. WAR yake, yaani makadirio ya ushindi alioiongezea timu kumzidi mchezaji mbadala, ni 38.7, chini kidogo ya 2 kwa msimu, ambayo ndiyo hasa thamani ya mchezaji wa wastani anayecheza kila siku, kwa sababu alipiga vizuri kuliko wastani lakini kwa miaka mingi hakushika glovu, yaani alipiga tu bila kucheza ulinzi. Mimi nisingempigia kura. Hata hivyo, wanaosema "alikuwa wa wastani tu" wanataja jambo ambalo ni wachache mno waliowahi kuliweza kwa miaka 22, halafu wanalitamka kama tusi.

Kuna mtego mwingine ndani ya takwimu za maisha mazima ambao sijui kwa nini hautajwi zaidi. Uchezaji hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, lakini si kila mtu huruhusiwa kushuka hadharani. Mchezaji wa wastani akianza kudhoofika akiwa na miaka 31 huachwa, na kumbukumbu zake zinafungwa zikiwa bado nzuri. Mkubwa huendelea kupangwa kwa sababu hata akishuka bado anawazidi wanaomsubiri nje, na kila msimu wa uzeeni unamshushia wastani. Hank Aaron alipiga .234 mwaka 1975 na .229 mwaka 1976, na homurani 22 za misimu hiyo miwili ndizo zilizomfikisha 755. Mickey Mantle alikuwa juu ya .300 hadi msimu wake wa mwisho, ambao alipiga .237 akashuka hadi .298, na inasemekana lilimuuma. Lakini tazama mwaka: ni 1968, mwaka ule ule wa .230. Mzee mwenye magoti mabovu aliipita ligi yake hata kwa wastani wa kupiga, akatembezwa mara 106 juu yake, na rekodi yake inasomwa kana kwamba alifeli. Alistaafu kabla ya kupiga hata mpira mmoja wa msimu wa kilima kilichoshushwa. Ndiyo maana ninapolinganisha wawili hulinganisha umri kwa umri, miaka 25 kwa 25 na 30 kwa 30, kisha huweka pengo pale ambapo mmoja hakuwapo, badala ya kuacha ukimya wake umpendezeshe.

Haimaanishi kwamba vipimo vyetu ni safi. Sehemu ya WAR inayohusu ulinzi, hasa kwa wachezaji wa kabla ya mipira kufuatiliwa kwa kamera, ni makadirio yaliyovaa desimali, na ninaposoma mabishano ya 61.2 dhidi ya 60.8 huwa ninafunga kompyuta. Zama nazo zina tatizo ambalo hakuna kugawanya kwa wastani wa ligi kunakolitatua: Babe Ruth alistaafu 1935, miaka 12 kabla ya Jackie Robinson kuwafungulia weusi mlango wa ligi kuu, kwa hiyo wastani wa ligi aliouzidi ulikuwa wa ligi iliyowafungia mlango wachezaji weusi. Mwaka 2024 takwimu za Ligi za Weusi, walikocheza hao waliofungiwa mlango, ziliunganishwa rasmi na za ligi kuu, na Josh Gibson akawa wa kwanza kwa .372, mbele ya Ty Cobb mwenye .367. Misimu ya Gibson iliyohesabiwa ni mifupi na wapinzani wake walikuwa tofauti na wa Cobb. Ninaamini Gibson anastahili kuwa pale; kuthibitisha kwa hesabu kwamba pointi hizo tano zina maana, siwezi.

Na kuna warushaji Sandy Koufax na Don Sutton, ambao walivaa jezi moja ya Dodgers mwaka 1966, Sutton akiwa anaanza na Koufax akiwa anamaliza kwa sababu ya mkono, akiwa na miaka 30. Koufax alishinda mechi 165. Sutton alirusha misimu 23, akafikisha ushindi mara 20 katika msimu mmoja tu, na akamaliza na 324. WAR humweka Sutton juu. Nikijenga timu ya kudumu miaka kumi na mitano nitamchukua Sutton bila kusita. Nikiwa na fainali ya kesho nitamchukua Koufax wa 1965, na kila mara ninapojaribu kuandika kanuni moja inayotoa majibu hayo mawili kwa pamoja, ninajikuta nimeweka ndani yake namba niliyoichagua mwenyewe ili jibu litoke ninavyotaka.