Samaki mwenye ramani kichwani

Juzi maji ya bamvua yalikuwa yamepwa sana. Saa nne asubuhi nilikuwa nimechutama mwambani, karibu na Nguzo ya Vasco da Gama hapa Malindi, mbele ya kidimbwi kisichozidi upana wa sinia la pilau. Kijana mmoja akaja kusimama nyuma yangu.

"Ami, watafuta nini?"

"Samaki."

Akachungulia. "Humu hamna kitu."

Alikuwemo, shibiri moja kutoka mguuni pangu: urefu wa kidole, madoa ya rangi ya mchanga na mwani mkavu, macho yametokeza juu ya kichwa. Ni wa jenasi ya Bathygobius, yaani kundi la samaki walio ndugu wa karibu. Mimi humtambua kwa mapezi ya kifuani, kwani nyuzi zake za juu zimeachana kama ncha ya leso iliyofumuka. Mapezi mawili ya tumboni yameungana yakawa kikombe, nacho ndicho kinachomgandisha mwambani mawimbi yanapopiga.

Wengi husifu rangi yake. Ni kweli, ukimtia kwenye bakuli jeupe atapauka ukimtazama: chembe nyeusi ndani ya seli za ngozi hujikusanya katikati, na zikitawanyika anakuwa mweusi tena. Lakini mimi kinachonishangaza ni kichwa chake.

Nilipomgusa kwa kijiti, aliruka. Akapita juu ya mwamba mkavu na kutua, chubwi, katika kidimbwi cha pili, ambacho akiwa ndani ya kile cha kwanza hawezi kukiona. Alijuaje? Mwaka 1951 Lester Aronson, mtafiti wa Marekani, aliandika kuhusu ndugu wa samaki huyu aishiye Atlantiki, Bathygobius soporator. Alijenga vidimbwi vya bandia, akaona kwamba samaki aliyepata nafasi ya kuogelea juu ya vidimbwi hivyo maji yakiwa yamejaa huruka sawasawa yakipwa. Asiyepata nafasi hiyo hubahatisha. Baadaye alionyesha kuwa kumbukumbu hiyo hudumu siku 40.

Kwa hiyo maji yanapojaa, huyu mdogo hatembei ovyo. Anasoma mtaa: shimo liko wapi, ukingo uko wapi.

Ndiyo maana hunikera mtu anapopindua jiwe kutafuta kaa akaliacha vivyo hivyo, chini juu. Mayai ya samaki huyu hubandikwa upande wa chini wa jiwe, dume akiyalinda. Yakipigwa na jua la saa tano, kwisha.

Yule kijana alibaki, suruali imekunjwa hadi magotini. Tulipoondoka alikuwa ameshaona watatu, na mmoja kati yao mimi sikuwa nimemwona.