Futa mitandao ya Wi-Fi iliyohifadhiwa, lakini anza na ile isiyo na nenosiri

"Fundi, hii simu inajiunganisha yenyewe." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama mmoja aliyeniletea simu yake siku chache zilizopita. Alikuwa ameketi mahali akisubiri zamu yake, simu iko mkobani, mara arafa zikaanza kuingia mfululizo. Data alikuwa ameizima. Alipotazama juu ya skrini akaona alama ya Wi-Fi imewaka. "Mwanangu, sijabonyeza kitu chochote," akasisitiza.

Nilimwamini. Siku ile hakubonyeza. Lakini aliwahi kubonyeza, pengine miaka mitatu nyuma na mahali pengine kabisa, na simu ikaiweka ruhusa yake. Tulipofungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa tukakuta majina 58. Aliyoyatambua hayakufika kumi na tano.

Kazi yangu ni usalama wa mitandao, na swali ninaloulizwa sana kuhusu orodha hii ni kama kuifuta kutaifanya simu iwe nyepesi. Haitakuwa nyepesi. Mitandao mia iliyohifadhiwa haichukui nafasi hata ya picha moja. Sababu ya kuifuta ni hii: kila jina lililomo ni ruhusa uliyoitoa mara moja, na simu inaendelea kuitumia kwa niaba yako bila kukuuliza tena. Tena ruhusa hizo hazilingani uzito. Ziko ambazo unaweza kuziacha miaka kumi bila madhara, na ziko ambazo ningekuomba uzifute leo hii.

Simu inakumbuka nini hasa

Unapojiunga na mtandao kwa mara ya kwanza, simu huandika mambo machache: jina la mtandao, aina ya ulinzi wake, na nenosiri kama lipo. Kuanzia hapo, kila Wi-Fi ikiwa imewashwa, simu husikiliza matangazo ya ruta zilizo karibu. Ikisikia jina linalofanana na lililomo kwenye orodha yake, na aina ya ulinzi ni ileile, inaunga.

Sasa, jina la mtandao ni maandishi tu, yasiyozidi baiti 32. Hakuna mamlaka inayoyasajili wala anayezuia majina kufanana. Yeyote mwenye ruta, au hata simu yenye hotspoti, anaweza kuuita mtandao wake jina lolote, likiwemo jina la mtandao wako.

Kama mtandao una nenosiri, kuiga jina hakutoshi. Katika WPA2 na WPA3, yaani aina za ulinzi wa Wi-Fi zinazotumia nenosiri, uthibitisho ni wa pande mbili: simu inathibitisha kwamba inalijua nenosiri, na ruta nayo lazima ithibitishe. Mwigaji asiyelijua anakwama mlangoni. Ndiyo maana mtandao wa nyumbani kwa rafiki, wenye nenosiri refu, haunisumbui hata kama hujaenda huko tangu mwaka juzi.

Mtandao wa wazi hauna mlango. Jina likifanana, simu imeshaingia.

Huwa nalionyesha hili kwenye mafunzo, kwa idhini ya waliohudhuria, kwa sababu maelezo matupu hayamwingii mtu kama kuona. Nachukua ruta ndogo inayotoshea kiganjani, naiunganisha na intaneti ili simu zisiitilie shaka, kisha naipa jina moja la kawaida, lile unaloweza kulikuta popote palipo na Wi-Fi ya bure. Sisemi kitu. Naendelea na somo. Baada ya dakika chache nawageuzia skrini ya kompyuta yangu, ambako ruta inaorodhesha vifaa vilivyojiunga. Mara ya mwisho, kifaa cha kwanza kwenye orodha kilikuwa simu ya mwenzangu niliyekuja naye kufundisha. Ilikuwa mfukoni mwake, skrini imezimwa. Jina lake la kwanza lilikuwa pale, kwa sababu ndivyo alivyoipa simu yake jina alipoinunua. Aliitoa mfukoni, akaitazama, akauliza, "Imeingia saa ngapi?" Ilikuwa imeingia kabla sijamaliza kujitambulisha.

Nisitie chumvi kuhusu madhara. Siku hizi tovuti nyingi na programu nyingi husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mtu wa kati, hivyo mwenye ruta bandia hawezi kuzisoma meseji zako kirahisi. Anachoweza kuona ni majina ya tovuti na huduma simu yako inazozifuata, na saa ya kila moja. Anachoweza kufanya, na hiki ndicho kinachoniumiza zaidi kwa sababu nimeona watu wakinaswa nacho, ni kukuletea ukurasa unaofanana na ule wa kuingilia kwenye Wi-Fi ya bure na kukuomba barua pepe na nenosiri lako. Mtu aliyekwisha kuzoea kurasa hizo hujaza bila kufikiri mara mbili.

Kundi la pili la kufuta ni mitandao yenye nenosiri lililobandikwa ukutani. Nenosiri linalojulikana na kila mpita njia linajulikana na mwigaji pia, kwa hiyo ule uthibitisho wa pande mbili haukusaidii kitu. Wengi huiacha kwa sababu wanaona alama ya kufuli pembeni ya jina wakadhani imelindwa.

Mtandao uliofichwa ndio unaopiga kelele

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ushauri mbaya umeenea. Wapo mafundi wanaoficha jina la mtandao wa mteja wakiamini wanamlinda. Ruta inaacha kutangaza jina lake, na majirani hawalioni kwenye orodha. Inaonekana ni jambo jema.

Lakini fikiria simu yako. Kama ruta haitangazi jina, simu itajuaje kwamba imefika nyumbani? Haina njia ila kuuliza yenyewe kwa jina. Na kwa kuwa haijui ni lini utafika, inauliza popote ulipo: barabarani, kazini, kwenye chumba cha kusubiria. Yeyote mwenye kompyuta na programu ya kunasa mawimbi ya Wi-Fi anaweza kuliona jina hilo. Umelificha kwa jirani mmoja, ukalitangaza kila unakopita.

Zamani simu nyingi zilifanya hivyo kwa mitandao yote iliyohifadhiwa. Zilitaja majina moja baada ya jingine hewani. Simu za sasa huuliza kwa jumla tu, "nani yupo hapa?", bila kutaja jina. Mtandao uliofichwa ndio unaoilazimisha simu irudie tabia ile ya kale. Na jina linaweza kusema mengi. Tangu mwaka 2001 kuna hifadhidata iitwayo WiGLE ambayo watu wa kujitolea huijaza majina ya mitandao pamoja na mahali ilipo kwenye ramani. Kama jina la mtandao wa nyumbani kwako halifanani na la mtu mwingine, mtu aliyelinasa hewani anaweza kulitafuta humo na akapata mtaa unaokaa.

Android yenyewe inakuonya unapoongeza mtandao kwa kuandika jina na kuchagua kwamba umefichwa, na iPhone huweka onyo la faragha chini ya jina la mtandao wa aina hiyo. Watu wengi hulipita onyo hilo. Kosa jingine ninalolikuta ni mtu kuandika jina la mtandao wa kawaida kwa mkono na kuuwekea alama kwamba umefichwa, ilhali haujafichwa. Simu itaendelea kuuita hewani vilevile. Ufute, kisha uunge upya kwa kuuchagua kwenye orodha.

Namna ya kufuta

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha unayo manenosiri ya mitandao unayotaka kubaki nayo, kwa maana kufuta mtandao ni kufuta na nenosiri lake. Kuanzia Android 10 unaweza kuushiriki mtandao uliounganishwa nao kwa msimbo wa QR; iPhone yenye iOS 16 au zaidi hukuonyesha nenosiri ukishajitambulisha kwa uso, kidole au namba ya siri.

Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha Intaneti. Telemka hadi Mitandao iliyohifadhiwa. Gusa jina, gusa Sahau. Simu za Samsung zina njia yake: Wi-Fi iko chini ya miunganisho, na orodha imefichwa nyuma ya vidoti vitatu vya juu, kwenye mipangilio ya ziada, penye kusimamia mitandao. Ukipotea, andika "Wi-Fi" kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya mipangilio, utafikishwa karibu.

Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa Wi-Fi, kisha gusa neno Edit lililo juu. Orodha yote itatokea. Gusa alama nyekundu ya kutoa mbele ya jina. Hili limewezekana tangu iOS 16 ya mwaka 2022. Kabla ya hapo ungeweza kufuta tu mtandao ulio karibu nawe wakati huo, na mtu aliyetaka kuondoa mtandao wa mahali alikokwisha kuhama alilazimika kutumia kompyuta ya Mac au kufuta yote kwa mkupuo. Nilikuwa nikiulizwa jambo hilo karibu kila wiki na sikuwa na jibu la kumfurahisha mtu.

Upo mtandao ambao hutaki kuufuta lakini hutaki simu iingie bila amri yako. Kwa huo, zima kuunga kiotomatiki. Swichi ipo ndani ya maelezo ya mtandao husika, kwenye Android na kwenye iPhone. Naipendekeza sana kwa mitandao ya wazi ambayo mtu huitumia kweli kila wiki: jina linabaki, ila uamuzi wa kuingia unarudi kwako.

Kufuta pia ndiyo dawa ya tatizo moja dogo linalosumbua watu wengi. Nenosiri la ruta limebadilishwa, na simu inarudiarudia kujaribu lile la zamani na kushindwa. Usihangaike kuzima na kuwasha. Sahau mtandao, uchague upya, andika nenosiri jipya.

Baadhi ya mitandao itakataa kufutika. Ile iliyowekwa na kampuni ya simu kupitia laini yako haiondoki; zima tu kuunga kiotomatiki. Ile iliyowekwa na mwajiri au chuo huja na wasifu wa usimamizi, yaani mipangilio waliyoiweka wao kwenye simu yako, na ni wasifu huo unaotakiwa kuondolewa kwanza.

Ukitumia iPhone pamoja na vifaa vingine vya Apple vilivyounganishwa na iCloud Keychain, huduma ya Apple inayoshirikisha manenosiri kati ya vifaa vyako, mtandao unaoufuta kwenye simu utafutika na kwenye vile vingine. Nimewahi kumfutia mtu mtandao kwenye simu, kompyuta yake ya mezani ikakosa intaneti katikati ya kazi. Tangu siku hiyo huuliza kwanza. Kwa Android, nakala ya akiba kwenye akaunti ya Google hubeba mitandao na manenosiri, kwa hiyo usishangae simu mpya ikiingia kwenye Wi-Fi ambayo hujawahi kuiandikia kitu.

Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao naiacha iwe njia ya mwisho. Inafuta mitandao yote kwa pamoja, na Bluetooth nayo inaweza kusahau vifaa vyake, na VPN (njia ya kupitisha mawasiliano yako kwa siri) inaweza kuondoka. Kuna wakati lakini hakuna jingine. Mwaka 2021 iligundulika kwamba iPhone ikijiunga na mtandao wenye jina %p%s%s%s%s%n, Wi-Fi yake inazimika na haiwaki tena hata simu izimwe na kuwashwa. Waliokumbwa na balaa hilo walilazimika kuweka upya mipangilio ya mtandao, na Apple wakaliziba kosa katika iOS 14.7. Jina tu la mtandao, likihifadhiwa, liliweza kuiangusha simu.

Tulivyomaliza na yule mama

Tuliipitia orodha jina kwa jina. Ya wazi tuliyaondoa yote bila majadiliano. Yale ya nenosiri la ukutani nilimsomea, naye akawa anasema, "Toa. Toa. Hilo sikumbuki, toa." Tulipofika kwenye mtandao wa nyumbani kwa binti yake anayeishi mbali, akaishika simu. "Huo usiuguse." Nikautazama: WPA2, nenosiri alilitunga binti mwenyewe na ni refu. Sikuwa na sababu ya kuugusa.

Mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe ulikuwa umefichwa. Alikuwa ameambiwa na aliyemfungia ruta kwamba hivyo ndivyo salama. Nilimweleza simu yake imekuwa ikiliita jina hilo kila alikopita, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama simu ya mumewe nayo inafanya hivyohivyo. Nikamwambia ndiyo.

Jioni alinipigia. Tukaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa maelekezo ya simu, tukaondoa tiki ya kuficha jina. Akausahau mtandao wa zamani, akauchagua upya kwenye orodha, akaandika nenosiri. Kisha akamwita mumewe alete simu yake.