Je, Wajua? Kwa Nini Kubadilisha Betri ya Saa Isiyoingia Maji Hugharimu Kuliko Betri Yenyewe

Mjomba wangu huendesha mashua ya abiria kati ya gati la Lamu na Shela, na kwa miaka mingi saa yake haijamtoka mkononi, iwe ameshika usukani, anatawadha, au ameruka majini kusukuma mashua iliyokwama kwenye fungu maji yanapokupwa. Mwaka jana mshale wa sekunde ulianza kuruka sekunde mbili kwa pamoja, ukituama kidogo kisha ukiruka tena, ishara ambayo watengenezaji wa saa nyingi za betri huiweka makusudi ili kumjulisha mwenye saa kwamba betri inakaribia kwisha. Akaenda kwenye kibanda kimoja, akawekewa betri mpya kwa shilingi 200, kazi ya dakika tano. Mwezi haukuisha kabla hajaona ukungu chini ya kioo, na siku chache baadaye mishale ikasimama kabisa. Alipopata safari ya Mombasa aliionyesha kwa fundi wa saa, ambaye alimweleza kwamba kuibadilishia betri ipasavyo kungemgharimu shilingi 1,500. Aliporudi aliniuliza: “Mwanangu, betri ni ile ile, ndogo kuliko kifungo cha kanzu. Yawaje mmoja atake mia mbili na mwingine atake elfu moja na mia tano?”

Swali lake ni la haki, na jibu lake haliko kwenye betri.

Betri yenyewe ni kitu rahisi. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipouza saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi (aina ya fuwele ya madini) mnamo Desemba 1969, saa nyingi za mkono zimekuwa zikipima wakati kwa kijiti kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde kinapopitishiwa umeme. Umeme unaohitajika ni mdogo mno. Aina moja ya betri inayotumika sana katika saa za mishale ina upana wa milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6, nayo huweza kuiendesha saa kwa miaka miwili au mitatu. Zilizo bora hutengenezwa kwa oksidi ya fedha na hutoa volti 1.55 bila kuyumba hadi karibu na mwisho wake, ilhali zile za alkalaini zenye umbo lilo hilo hudhoofika polepole na huelekea zaidi kuvuja. Kwa hiyo hata ndani ya shilingi 200 pana tofauti ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Hata hivyo, betri bora kabisa ya aina hii haitoshi kueleza pengo la shilingi 1,300.

Pengo hilo linatokana na kitendo cha kufungua. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya mafundi wa vyombo vya baharini kule Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, anafahamu kwamba mbao pekee hazizuii maji kuingia jahazini, bali kinachozuia ni kalafati, yaani ile pamba iliyotiwa mafuta na kupigiliwa katikati ya mbao. Saa nayo ina kalafati yake. Chuma cha kasha na chuma cha kifuniko cha nyuma havikutani kwa ukamilifu hata vingesuguliwa namna gani, na kwa sababu hiyo katikati yake huwekwa mpira wa mviringo, mwembamba kama uzi wa nyavu, ambao hubanwa ukajaza kila upenyo. Mpira mwingine umezunguka kioo, na mwingine umejificha ndani ya kile kitufe cha pembeni kinachovutwa kurekebishia saa. Kama saa ina vitufe zaidi, kila kimoja kina mpira wake.

Mpira uliobanwa mahali pamoja kwa miaka miwili au mitatu hupoteza mnepo wake. Unapofungua kifuniko utaukuta umebapa, una alama ya ukingo wa chuma, na pengine umekauka hata kupasuka, kwa kuwa joto, jasho, sabuni na manukato huuchosha mpira. Maadamu kifuniko hakijaguswa, huenda mpira huo uliochoka ukaendelea kuzuia maji kwa kuwa umekaa katika umbo lake la siku zote. Mara kifuniko kinapoondolewa na kurudishwa, haukai tena pale pale, na yale mabonde yake madogo huwa ndiyo njia ya maji. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikinaswa chini yake inatosha kuharibu kazi yote. Vivyo hivyo ncha ya kisu: vifuniko vingi hubanduliwa kwa kisu, na mkwaruzo mmoja kwenye ukingo ule huwa mfereji wa kudumu ambao hata mpira mpya huenda usiuzibe.

Ndiyo maana fundi makini huondoa mpira wa zamani, hufuta mfereji wake mpaka chumvi na uchafu viishe, huweka mpira mpya wa kipimo kile kile, na huupaka grisi ya silikoni kidogo sana ili usijikunje kifuniko kinapokaza. Kifuniko cha kuzungushwa hufunguliwa kwa ufunguo maalumu wenye meno, na kile cha kubana hurudishwa kwa mashine ndogo inayosukuma kwa usawa pande zote, si kwa kidole gumba. Mipira hii haina kipimo kimoja, kwa hivyo fundi hulazimika kuweka akiba ya ukubwa mwingi, na mingine hukaa dukani miaka kabla ya kupata saa yake. Gharama hiyo ya akiba nayo imo ndani ya bei.

Baada ya hapo huja kupima, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayostahili kulipiwa kuliko zote. Chombo kimojawapo cha kupimia ni mtungi mnene unaoonyesha ndani, uliojazwa maji nusu. Saa huning’inizwa juu ya maji, hewa ikasukumwa ndani ya mtungi mpaka shinikizo lifikie kiwango kinachotakiwa, na ikaachwa hapo kwa muda. Kama saa ina upenyo, hewa hiyo huingia ndani ya kasha. Kisha saa hushushwa majini na shinikizo likapunguzwa polepole. Ile hewa iliyoingia sasa hutafuta njia ya kutoka, na fundi huona mapovu yakichomoza mahali penye kasoro, naye huivuta saa juu haraka kabla maji hayajapata nafasi ya kuingia. Uzuri wa njia hii ni kwamba inamwonyesha fundi mahali hasa penye tatizo, kama ni kwenye kifuniko, kioo au kitufe. Zipo pia mashine zisizotumia maji hata kidogo, ambazo hupima jinsi kasha linavyobonyea na kurudi chini ya shinikizo la hewa. Zote ni ghali, na fundi anayebadilisha betri chache kwa siku hana njia ya kurudisha fedha zake isipokuwa kupitia kazi hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kama shinikizo linalohusika ni kubwa kiasi hicho. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalokaribia kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kioo chenye upana wa sentimita 3 kikipimwa kwa kiwango cha mita 50 hukandamizwa na uzito wa kilo 35 hivi. Lakini nambari hizo za mita zilizochorwa nyuma ya saa hazimaanishi kwamba mwenye saa amepewa ruhusa ya kuzama kina hicho. Zinaeleza kiwango cha kipimo ambacho saa za aina hiyo zilistahimili zikiwa mpya. Kwa kawaida saa ya mita 30 hufaa kwa mvua na udhu, ya mita 50 kwa kuogelea kidogo, na ya mita 100 kwa kuogelea baharini bila wasiwasi. Wapiga mbizi wana saa zao, zinazopimwa kwa kanuni nyingine kali zaidi. Wengi huamini kwamba kupiga mkono majini kunaongeza shinikizo mno, jambo ambalo hesabu hailikubali: mkono unaokwenda mita 3 kwa sekunde huongeza shinikizo sawa na nusu mita tu ya kina.

Adui mkubwa zaidi kwetu ni jua. Saa iliyoachwa juu ya ubao wa mashua saa saba ya mchana inaweza kufikia nyuzi 50, na ikitumbukizwa ghafla katika bahari ya nyuzi 27, hewa iliyomo ndani hupoa na shinikizo lake hushuka kwa takriban asilimia 7. Hapo saa huvuta maji kwa nguvu inayolingana na kuzamishwa sentimita 70, hata kama mwenyewe amesimama kwenye maji ya magoti. Tone moja likiingia, maji yake yatakauka, lakini chumvi itabaki, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa ya pwani kila siku. Humo ndani mna koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Waya huo ukiliwa na kutu ya kijani, saa imekwisha, na mara nyingi hivyo ndivyo saa iliyotumbukia baharini hufa.

Sisemi kwamba fundi wa kibandani ni mdanganyifu. Ameulizwa betri, akaweka betri, na bei yake ni ya haki kwa kazi aliyoifanya. Kosa liko kwenye mazungumzo ambayo hayakufanyika. Mwenye saa anayeketi ofisini, asiyeoga nayo wala kuogelea nayo, hana sababu ya kulipia kipimo cha shinikizo. Vilevile saa ya plastiki kama Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo betri yake hudumu takriban miaka saba, haifai kulipiwa fedha zinazoweza kununua saa nyingine: skrubu zake nne zifunguliwe kwa uangalifu, mpira upakwe grisi au ubadilishwe, na mwenyewe aivue anapokwenda kuogelea. Saa ya mjomba haikuwa katika fungu hilo. Ilikuwa saa ya mita 100 iliyofanya kazi baharini kila siku, na kwa saa ya namna hiyo shilingi 200 zilikuwa ghali.

Mtu kama yeye amwulize fundi mambo matatu kabla kifuniko hakijaguswa: kama mpira mpya wa kipimo hicho upo, kama betri ni ya oksidi ya fedha, na kama saa itapimwa baada ya kufungwa. Fundi akisema wazi kwamba hana mashine, hiyo ni heshima kubwa kwa mteja, maana sasa mteja anajua kwamba saa imerudi kuwa ya nchi kavu mpaka itakapopimwa kwingine. Wala saa isiachwe miezi na betri iliyokufa ndani yake kwa kungojea safari ya Mombasa, kwa kuwa betri iliyokwisha huweza kuvuja na kula mtambo, afadhali itolewe. Ikitoka, isiachwe pahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, kwani betri ya kifungo ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.

Kwa asiye na mashine karibu, kuna jaribio dogo la kujua kama unyevu umeshaingia. Saa ipashwe joto hadi nyuzi 40 hivi, ambalo ni joto la kushikika mkononi bila kuunguza, kisha tone la maji baridi liwekwe katikati ya kioo na lifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya dakika moja. Ukungu ukionekana upande wa ndani, pale pale tone lilipokuwa, saa hiyo irudi kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla ya kupandishwa tena mashuani.