Chapa za Edvard Munch Si Kopi za Michoro Yake

Swali ninaloulizwa zaidi na wageni wanaosimama mbele ya chapa za Edvard Munch, yaani picha alizozichapa kwa ubao au jiwe, ni hili: "Hii ni yenyewe au kopi?" Ni yenyewe. Nikipata dakika tano huwa naeleza kwa nini, maana asiyelijua hilo hupita haraka mbele ya kazi bora za msanii huyu wa Norwe akidhani anatazama makombo.

Chukua mhuri wa serikali ya mtaa. Maandishi kwenye raba yamegeuzwa, lakini ukiugonga kwenye karatasi yanasomeka sawasawa. Chapa ya ubao ni hivyohivyo: msanii huchonga ubao, sehemu zilizobaki juu hupakwa wino, karatasi hulazwa na kukandamizwa. Kila karatasi inayotoka hapo ni kazi halisi. Hakuna nyingine iliyofungiwa kabatini.

Munch alizaliwa mwaka 1863. Kifua kikuu kilimchukua mama yake mwaka 1868, kikarudi mwaka 1877 kumchukua dada yake Sophie, binti wa miaka 15. Msiba huo hakuuweka chini maisha yake yote. Alianza kuchora "Mtoto Mgonjwa" mwaka 1885, akaikwangua, akairudia, na kwa takribani miaka 40 akaichora kwa rangi ya mafuta mara sita. Mwaka 1896, akiwa Paris, aliuchora uso wa binti huyo peke yake juu ya jiwe.

Chapa ya jiwe inategemea jambo analolijua kila mpishi: mafuta na maji hayapatani. Unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, unalilowesha, kisha unapitisha wino wa mafuta. Wino hushika palipochorwa tu. Kila rangi ina jiwe lake. Mchoraji Paul Herrmann alisimulia alivyomkuta Munch kwa mchapaji Auguste Clot, mawe yamepangwa mbele yake, macho ameyafumba, kidole kinazunguka hewani, anaamuru: kijivu, kijani, buluu, kahawia. Ndiyo maana uso uleule mara unatoka na wekundu wa homa, mara umepauka kabisa.

Kwenye mbao alithubutu zaidi. Badala ya kuchonga ubao mmoja kwa kila rangi, alishika msumeno. Katika chapa ya mwaka 1899 ya mwanamume na mwanamke waliosimama ufukweni wakiwa wametugeuzia mgongo, aliukata ubao vipande, akapaka kila kipande rangi yake, akaviunganisha tena na kuchapa mara moja. Angalia kwa makini: pale msumeno ulipopita pamebaki uzi mweupe unaomzunguka mwanamke. Amesimama hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, lakini amekatwa akatengwa naye kwelikweli. Kwangu mimi, hakuna brashi ingeweza kuusema upweke huo vizuri hivyo.

Alipofariki mwaka 1944 aliuachia mji wa Oslo michoro ya rangi zaidi ya 1,000 na chapa takribani 18,000. Leo, katika jumba la makumbusho yake lililofunguliwa mwaka 2021, matoleo ya "Yowe", picha yake maarufu kuliko zote, huonyeshwa kwa zamu kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa mwanga hula karatasi na rangi. Ukikuta ni zamu ya chapa ya mwaka 1895, yenye wino mweusi pekee, usikae ukisubiri ile ya rangi. Sogea, ufuate ile mistari myeusi inavyojikunja angani.