Chakula cha usiku cha haraka na kiporo cha asubuhi: maswali na majibu

Msimu wa korosho ukianza, kutoka Newala hadi Nachingwea familia nyingi hurudi nyumbani giza limeshaingia. Mjini Mtwara na Lindi mama anayefunga genge usiku na baba wa bodaboda wana shida hiyohiyo. Chakula kinapikwa haraka, kinaliwa haraka, sufuria linafunikwa na kuachwa jikoni. Asubuhi linapashwa, mtoto analishwa, na kesho yake analetwa zahanati macho yamedidimia. Sisi wa zahanati hatuna ugomvi na chakula cha haraka. Ugomvi wetu ni na lile sufuria.

Kiporo kinaanza kuwa hatari saa ngapi?

Chakula kilichopikwa kikikaa nje kwa zaidi ya masaa mawili, kihesabu kuwa ni hatari. Siku ya joto kali, nyuzi 32 kwenda juu, hesabu saa moja tu, na huku kwetu siku za namna hiyo si chache. Vijidudu huzaliana kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Sufuria lililoipuliwa saa mbili usiku hupoa hadi kuwa vuguvugu kabla hamjalala, kisha hukaa hivyo mpaka alfajiri. Kifuniko kinazuia inzi na panya, lakini hakizuii vijidudu vilivyomo ndani tayari.

Nikikichemsha vizuri asubuhi, si vijidudu vinakufa?

Vijidudu vinakufa. Sumu yao inabaki. Hili ndilo jambo tunalolirudia kila siku na bado linapuuzwa.

Chukua wali. Mchele huja na mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni. Bakteria wengine hutoka kwenye mikono, puani au kwenye kidonda cha mpishi, nao wakishatoa sumu, kuchemsha hakuiondoi. Mtu huanza kutapika ndani ya saa moja hadi masaa sita baada ya kula.

Kwa hiyo kupasha hakurudishi chakula kilicholala nje. Uchemshe dakika tano, uchemshe nusu saa, ukamulie ndimu, uongeze tui jipya: hakurudishi.

Sisi tumekula kiporo tangu utotoni na tupo.

Mlio hai ndio mnaojibu swali hili. Mtu mzima wa kilo 60 akitapika na kuharisha mara mbili tatu, anakunywa maji, anakwenda shambani. Mtoto wa kilo 10 akipoteza nusu lita ya maji mwilini, ni sawa na mtu mzima huyo kupoteza lita tatu. Na nusu lita kwa mtoto anayeharisha hutoka ndani ya masaa machache. Msimpime mtoto kwa tumbo la babu yake.

Lakini hakinuki wala hakijachacha.

Uchachu na harufu huletwa na vijidudu vinavyoharibu ladha. Vinavyowaletea watu ugonjwa mara nyingi havibadilishi harufu, rangi wala utelezi wa chakula. Chakula cha nazi huchacha upesi, ndiyo maana watu hukimwaga bila ubishi. Wali mkavu na maharage ya mafuta hayatoi dalili, kwa hiyo ndivyo vinavyolishwa watoto. Pua haipimi sumu.

Nikiweka kwenye hotipoti mpaka asubuhi?

Hotipoti haipiki na haipozi, inachelewesha tu joto kupotea. Ukiijaza chakula kinachotoka motoni, inakitunza kwa masaa machache, yanayotosha kumsubiri baba arudi. Ikifika alfajiri chakula ni vuguvugu tu, joto ambalo vijidudu wanalipenda kuliko yote. Hotipoti iliyojazwa robo hupoa mapema zaidi. Kwa mtoto wa asubuhi, hapana.

Wenye friji je?

Wenye friji wana nafasi, wakiitumia vizuri. Kosa la kawaida ni kusubiri sufuria lipoe lenyewe hadi wakati wa kulala, au kuliingiza zima likiwa limejaa. Katikati hubaki na moto usiku kucha. Gawa chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu. Weka vyombo hivyo kwenye beseni la maji baridi, koroga, kisha friji, yote ndani ya masaa mawili. Kesho yake kipashe mpaka kitokote na mvuke utoke kila upande. Pasha kiasi mtakachokula tu, na mara moja tu. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango: friji iliyofungwa huhimili kama masaa manne.

Asiye na friji afanye nini?

Apike kinachoisha. Kikibaki, apelekewe jirani usiku uleule, au kipewe kuku. Tunajua mchele una bei. Kwa asubuhi weka akiba ya vitu vikavu visivyohitaji kupashwa: karanga, korosho, ndizi mbivu, mkate. Uji wa mtoto upikwe asubuhi. Uji mwepesi wa kikombe kimoja ni dakika kumi kwenye moto, na dakika hizo zinapatikana.

Tupike nini usiku kisichochukua muda?

Kazi kubwa ifanyike asubuhi kabla ya kutoka, nayo ni kuloweka tu. Choroko zilizolowekwa kutwa huiva kwa dakika 25 hadi 30, kunde kama dakika 40. Mbaazi kavu, ambazo mikoa yetu inalima kwa wingi, zinahitaji saa nzima hata zikiwa zimelowekwa, kwa hiyo ziacheni kwa Jumapili. Mbaazi mbichi za msimu ni habari nyingine, nusu saa inatosha. Maji ya kuloweka yawe mengi, mara tatu ya choroko, na beseni likae kivulini. Ukirudi ukakuta povu na harufu ya uchachu, limekaa juani. Mwaga maji na uoshe mara mbili, na zikiwa zinateleza mwaga zote.

Kwa watu watano au sita: choroko vikombe viwili, kitunguu kimoja, nyanya mbili, nazi moja. Chemsha choroko kwa maji bila chumvi mpaka zipasuke. Tia kitunguu, nyanya na tui jepesi, zichemke dakika kumi. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, halafu tui zito. Hapo punguza moto na ukoroge bila kufunika, kwa sababu tui zito likitokota kwa nguvu hukatika. Dakika tatu, ipua.

Dagaa ni wepesi zaidi. Vikombe viwili vya dagaa wakavu, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe. Kaanga kitunguu, tia nyanya tatu zilizokatwa, ziive hadi mafuta yajitenge, kisha dagaa na bamia kama zipo. Dakika kumi na tano zinatosha. Wengi husafisha dagaa mara moja kwa sababu ya haraka, halafu watoto wanawakataa kwa mchanga na lawama wanapewa dagaa.

Mboga ya majani: matembele, mchicha au majani ya kunde, mafungu mawili, yaoshwe kabla ya kukatwa. Yachemke dakika tano hadi saba kwa maji kidogo, kisha tia karanga au korosho zilizotwangwa, konzi mbili. Kuchemsha mchicha nusu saa na kumwaga maji yake ni kujitafutia kazi na kutupa vitamini. Kisamvu kisiingie kwenye orodha ya haraka: kinatwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Kama hamna muda, kiacheni.

Samaki walionunuliwa mchana wapikwe usiku, kuna tatizo?

Kama walikaa kwenye barafu, hakuna. Kama walishinda kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza ya genge, lipo. Vibua na jodari wakikaa na joto hutengeneza histamini, na hii nayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mtu anakula, na ndani ya dakika chache hadi saa moja uso unakuwa mwekundu au unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inawasha. Huku wengi husema ana mzio wa samaki, wakati samaki ndiye aliyekaa vibaya. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, ni kituo cha afya mara moja.

Nunua mwenye mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Toa matumbo mapema. Kama huna barafu na safari ya nyumbani ni ndefu, chukua dagaa wakavu au ng'onda.

Mtoto mdogo anatosheka na ugali na mchuzi?

Hatosheki. Mchuzi ni maji, chumvi na rangi ya nyanya. Dagaa, choroko na majani ndivyo vinavyojenga, navyo hubaki kwenye sahani ya wakubwa. Kabla ya kutia pilipili, mtolee mtoto chakula chake, kiponde, ongeza kijiko cha chai cha mafuta au karanga za kusaga. Miezi 6 hadi 8 anza na vijiko viwili vitatu vikubwa, uongeze taratibu mpaka nusu ya kikombe chenye ujazo wa robo lita. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Apewe sahani yake ili ionekane amekula kiasi gani. Na asisubiri mpaka saa tatu usiku akiwa amelala, halafu iwe sababu ya kumwekea chakula chake hadi asubuhi. Tumesharudi palepale: kuchemsha hakutakiponya.

Mihogo ni haraka. Tuchemshe tu?

Mihogo mitamu mibichi, ndiyo: menya, osha, chemsha nusu saa. Michungu si ya kuchemsha hata siku moja. Unga wa mihogo michungu iliyoharakishwa kukaushwa hubaki na sumu ya sayanidi. Ukiliwa kwa wiki kadhaa bila mboga yenye protini unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla na usiopona. Umewahi kutokea mkoani Mtwara. Ukiwa na shaka na unga wako, changanya na maji uwe rojo zito, tandaza kwa unene usiofika sentimita moja, uache juani masaa mawili au kivulini masaa matano. Sumu hupaa. Pika ugali siku hiyohiyo.

Mtoto ameanza kuharisha. Bibi yake anasema anaota meno.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Meno hayaharishi. Meno huanza kutoka karibu na miezi sita, wakati uleule mtoto anapoanza kula chakula na kuokota vitu chini. Vimekutana tu. Kinachoharisha ni vijidudu, na kwa tunaowaona, mara nyingi chakula cha usiku kimetajwa.

Kuharisha ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Anza ORS, ile dawa ya unga ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, hapohapo nyumbani: pakiti nyingi ni za lita moja ya maji safi, soma iliyo mkononi mwako, na iliyokorogwa itumike ndani ya masaa 24. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Miaka miwili na kuendelea, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Asipunguziwe ziwa wala chakula. Chukua vidonge vya zinki zahanati, avimalize vyote hata kuharisha kukiacha. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, wakati mtu anakwenda kutafuta.

Na kuhusu "meno ya plastiki", yale yanayosemwa kuwa yamo ndani ya fizi na ndiyo yanayomharisha mtoto: hayapo. Anayemchana mtoto fizi anamwongezea kidonda, damu na vijidudu, na anakupotezea siku ambayo mtoto alihitaji maji. Usimpeleke. Hata kama mtoto wa jirani alipelekwa akapona, usimpeleke.

Ni usiku. Tungoje kuche?

Akiwa anacheza, anakunywa na anakojoa, endelea na ORS na uje asubuhi. Lakini usingoje kukiwa na hata moja kati ya haya: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, amepata degedege, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hajakojoa kwa masaa sita, choo kina damu au ni maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeharisha haingii kwenye hesabu ya kungoja kabisa.

Usimngoje baba arudi kutoka mnadani ndipo aamue. Usiende kwanza kwa mwenye dawa za mizizi. Usinunue dawa ya kufunga kuharisha dukani. Kwa mtoto mdogo ina madhara na hairudishi maji. Chukua bodaboda, beba kadi ya kliniki na chupa ya ORS, mnyweshe kijiko kimoja kimoja njiani. Ukifika, useme alikula nini, kilipikwa saa ngapi na kilikaa wapi. Hakuna atakayekugombeza kwa kusema kiporo, na tukijua tunaanza haraka zaidi.