Seli shina na mtindio wa ubongo: wanayoambiwa wazazi na yaliyothibitishwa

Dhana ninayoisikia kuliko zote katika chumba cha mazoezi ya tiba ya watoto, na ambayo subira yangu nayo imekwisha, ni kwamba seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zikidungwa katika uti wa mgongo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo utokanao na jeraha la ubongo mchanga, hupanda hadi kichwani, hugeuka kuwa seli mpya za ubongo na kuziba pengo lililoachwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo kinachomzuia mtoto kutembea ni gharama za safari ya India tu. Ushahidi huwa ni video kwenye simu. Katika ile niliyoonyeshwa karibuni, mtoto amelala kwenye mkeka, shingo haijakaza; kipande cha pili, kilichorekodiwa miezi kadhaa baadaye, kinamwonyesha ameketi na anacheka. Nilimwomba mama mwenye simu airudishe nyuma na kutazama kifua na miguu. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda kwenye kiti kilichochongwa kwa vipimo vyake, amevalishwa vishikizo vya miguu, na maelezo ya kliniki yenyewe yalisema kwamba alifanyishwa mazoezi ya viungo kila siku. Nani basi athibitishe kwamba sindano ndiyo iliyomkalisha?

Watoto wenye mtindio wa ubongo nao hukua. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kuwafuatilia watoto 657, ulionyesha kwamba kwa kawaida hufikia takribani asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wakiwa na miaka mitano au chini ya hapo, na wenye hali nzito hufika kikomo chao mapema zaidi. Mtoto anayepelekwa ng'ambo akiwa na miaka miwili atarudi na jambo jipya, na huenda angelipata hata kama angebaki nyumbani Tandika, Dar es Salaam. Seli zinazotumika mara nyingi, yaani za damu ya kitovu au za uboho (ute wa ndani ya mifupa), hazijengi ubongo upya. Kinachodhaniwa ni kwamba hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuzisaidia seli zilizopo, kisha zenyewe hutoweka.

Sisemi kwamba hakuna kitu kabisa. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwapa watoto 63 ama damu ya kitovu chao wenyewe ama kimiminika kisicho na seli, na matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya jumla kati ya makundi hayo mawili, ingawa waliopata dozi kubwa walisonga mbele kuliko ilivyotarajiwa. Uchambuzi wa mwaka 2025, uliounganisha takwimu za tafiti kadhaa za damu ya kitovu, uliona nafuu halisi ya mwendo, lakini ni kama pointi moja na nusu kwenye kipimo cha pointi 100, na walionufaika zaidi walikuwa watoto wadogo wenye hali nyepesi, wanaotembea wenyewe au kwa kusaidiwa. Yule asiyeweza kuinua shingo, ambaye ndiye anayechangiwa fedha kwenye makundi ya WhatsApp, hayumo miongoni mwao.

Wengine hunituliza kwa kusema kwamba seli ni za mtoto mwenyewe, hivyo haziwezi kumdhuru. Kuchota uboho kwa mtoto kunahitaji dawa ya usingizi, na kudunga sindano katika uti wa mgongo kunaweza kuleta homa, kutapika, maambukizi, na kwa baadhi ya watoto degedege. Tena si kila kliniki hutumia seli za mtoto mwenyewe: mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana kutoka Israeli, mwenye ugonjwa mwingine wa neva, aliyedungwa Moscow seli za vijusi (mimba ambazo hazijazaliwa) na baadaye akaota uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo uliotokana na seli hizo za watu wengine.

Kuhusu madai kwamba India imeidhinisha tiba hii, mwongozo wa kitaifa wa India wa mwaka 2017 uliikubali tiba ya seli shina kama huduma ya kawaida kwa magonjwa fulani tu, hasa ya damu na kinga, na kuyaacha mengine ndani ya majaribio ya kitabibu. Jaribio la kweli halimwombi mzazi alipie sindano.

Linalobaki ni hofu ya kwamba ugonjwa unazidi, kwa hiyo tuwahi. Jeraha la ubongo haliongezeki. Kinachoharibika ni misuli inayokakamaa na nyonga zinazoteguka taratibu bila kelele, jambo linalowapata takribani thuluthi ya watoto hawa, na hatari ni kubwa zaidi kwa wasiotembea. Nimewaona wazazi waliofanya harambee kwa ajili ya safari lakini hawajawahi kulipia eksirei moja ya nyonga, na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu nyonga ikigundulika mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Mtoto asiyetembea apigwe picha hiyo kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na mama anayeona paja moja halifunguki sawa na jingine wakati wa kubadilisha nepi asisubiri tarehe ya kliniki, aje kesho yake.